Mkanda wa Mwenzako ni Roho Yake: Tujifunze kwa Mafundi wa Miavuli



Mtu aliyezaliwa Kyondo hahitaji kufundishwa maana ya kimo. Mashamba yetu ya kahawa na mihogo yameshikilia miteremko ya Rwenzori, na mtoto wa huku hujua mahali pa kuweka mguu kabla hajajua kusoma. Lakini kimo cha mlima si sawa na kimo cha kazi. Mlimani una ardhi chini ya mguu. Juu ya mnara wa simu, juu ya nguzo ya umeme, juu ya jukwaa la waashi au paa la ghala huko Kasese na Bwera, chini ya mguu hakuna kitu. Kilichopo ni mkanda tu, kama upo.

Wengi wa vijana wetu sasa hupata riziki kwa kazi za namna hii. Wapo mafundi wa minara, mafundi wa umeme, waashi, wapaka rangi, waongozaji wa watalii mlimani, na siku hizi wapo pia wapiga picha wanaopanda juu ili kupata sura ya mji au ya jengo jipya. Kwa sababu hiyo tumeona vema, katika ukurasa huu wa Kiswahili, tuwaeleze wasomaji habari za watu ambao kazi yao yote ni mikanda, kamba na bizimu: mafundi wanaotayarisha miavuli ya kurukia kutoka katika ndege. Huenda mchezo huo ukaonekana ni wa matajiri. Hata hivyo nidhamu yao ni ya kazi, na mfanyakazi yeyote anaweza kuichukua bila gharama kubwa.

KIMO KAMA CHA MARGHERITA

Warukaji wa mchezo huu hutoka ndegeni, kwa kawaida, wakiwa kiasi cha mita 4,000 juu ya ardhi. Mji wa Kasese uko karibu mita 950 juu ya usawa wa bahari. Basi mtu akiruka juu ya Kasese kwa kimo hicho, angetokea karibu mita 5,000, yaani chini kidogo tu ya kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Hapo huanguka kwa muda wa karibu dakika 1, mwendo ukifika kama kilomita 200 kwa saa, kabla ya kufungua mwavuli. Katika Afrika Mashariki mchezo huu hufanyika Diani, kusini mwa Mombasa, ambako mgeni hufungwa pamoja na mkufunzi wake, wakashuka wawili kwa mwavuli mmoja.

Sasa tumpime na mwashi. Mtu akianguka kutoka mita 5, yaani kimo cha paa la kawaida, hufika chini kwa sekunde 1 tu. Kutoka mita 20 ni sekunde 2, naye hupiga ardhi kwa mwendo wa kama kilomita 70 kwa saa. Mrukaji ana dakika nzima ya kufikiri, na ana mwavuli wa pili mgongoni. Mwashi ana sekunde 1, na wa pili hana. Je, ni nani kati ya hawa wawili anayestahili kukaguliwa mikanda yake kwa makini zaidi?

FUNDI ANAYETIA SAHIHI

Kila mrukaji hubeba miavuli miwili: mkuu na wa akiba. Mwavuli mkuu anaweza kuukunja mwenyewe. Wa akiba haruhusiwi kuugusa. Huko Marekani sheria inataka ukunjwe na fundi mwenye leseni, na kila baada ya siku 180 ufunguliwe, uchunguzwe kitambaa, kamba na mishono yake, kisha ukunjwe upya, hata kama haukutumika siku moja. Akimaliza, fundi huufunga kwa uzi mwembamba na lakiri ndogo ya risasi, halafu huandika katika kadi tarehe, jina na namba ya leseni yake. Kadi hiyo hukaa pamoja na mwavuli. Ikipita siku zake, mwenye mwavuli haruki.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo. Fundi yule hatakuwapo siku ya hatari. Huenda hata hamjui atakayeuvaa mwavuli. Lakini jina lake lipo mle ndani, kwa mkono wake, na hakuna atakayeweza kusema hakujulikana nani aliyekagua.

Vyombo vyenyewe vimeendelea sana. Mwaka 1976 Bill Booth wa Marekani alileta mtindo wa pete tatu, unaomwezesha mrukaji kuutupa mwavuli mkuu uliosokotana kwa kuvuta mara moja tu. Mwaka 1991 kikatoka Ujerumani kifaa kiitwacho Cypres: kikiona mtu bado anaanguka kwa kasi karibu na ardhi, hukikata kitanzi kinachofunga mwavuli wa akiba ili ufunguke wenyewe. Hata hivyo warukaji hufundishwa wasikitegemee kifaa hicho. Wao bado hujikagua mara tatu: kabla ya kuvaa, kabla ya kupanda ndege, na kabla ya kuruka. Nao hukaguana, kwa kuwa mgongo wa mtu huonwa na mwenzake.

FUNZO LA KOLWEZI

Tarehe 19 Mei 1978, askari wa miavuli wa Ufaransa waliruka Kolwezi, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, ambayo ndiyo jirani yetu Kongo. Miavuli waliyopewa ilikuwa ya Kimarekani, si ile waliyoizoea. Mifuko yao ya vifaa haikulingana na mikanda ya miavuli ile, ikawabidi kuifungia kwa nyaya. Waliruka, kwa kuwa ilikuwa vita.

Sisi hatuko vitani. Lakini ni mara ngapi tumeona fundi akipewa mkanda wa aina moja, ndoano ya aina nyingine, na kamba iliyookotwa kwenye lori? Kila kimoja peke yake huenda ni kizima, lakini vikiunganishwa ndoano haifungi sawasawa katika pete, au kamba inakatwa na ukingo wa chuma. Vyombo vya kushika uhai lazima vilingane. Waya wa kufungia kuni si chombo cha kazi.

KAMERA NA MAZOEA

Mwezi Aprili mwaka 1988, huko North Carolina, Marekani, mpiga picha mmoja alipanda ndege ili kuwapiga picha warukaji wenzake wakiwa angani. Alikuwa amekwisha kuruka zaidi ya mara 800. Alibeba kamera yake na mitambo yake, akaruka nyuma ya wenzake, akapiga picha vizuri kabisa. Alipotaka kufungua mwavuli ndipo alipotambua kwamba hakuuvaa. Alifariki.

Huyu hakuwa mjinga wala mgeni wa kazi. Mazoea yalimpofusha, na fikira zake zote zilikuwa kwenye kamera. Tena alikuwamo ndani ya ndege pamoja na wenziwe, na hakuna aliyemtazama mgongoni. Chama cha warukaji cha Marekani kinashauri kwamba mtu asibebe kamera kabla hajafikisha miruko 200. Kwanza mtu aijue kazi ya kubaki hai, halafu ndipo aongeze kazi nyingine juu yake.

Kwa wapiga picha wetu wanaopanda juu, tunatoa mashauri haya:

1. Funga mkanda wako kwanza, ukaguliwe na mwenzako, ndipo utoe kamera mfukoni.

2. Kamera iwe na kamba ya mkononi na kamba ya pili iliyofungwa mwilini. Kamera ya kilo 1 ikianguka mita 20 inaweza kumwua aliye chini. Lenzi isibadilishwe juu ya vichwa vya watu.

3. Kamera ikivaliwa kwenye kofia ngumu, isiwe na pembe zinazochomoza na kunasa kamba.

4. Ukipiga picha kutoka ndegeni, usiegemeze kamera wala mkono wako kwenye dirisha, maana mtikisiko huharibu picha. Tumia mwendo wa haraka wa kamera, kama sehemu moja ya 1,000 ya sekunde.

5. Huku kwetu piga asubuhi. Jua likiwa chini, vivuli huonyesha mabonde na makorongo. Kabla ya adhuhuri mawingu huwa yamekwisha kuifunika Rwenzori.

6. Ikiwa picha yaweza kupigwa kwa kindege kisicho na rubani, mtu asipandishwe. Kurusha kindege hicho kunahitaji kibali cha serikali, lakini kikianguka hakiachi yatima.

Wala anga si tupu. Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia, alifariki baada ya ndege yake kugongana na tai. Alizikwa kwenye ukingo wa Ngorongoro. Sisi tulio jirani na mbuga ya Queen Elizabeth tunawajua tai na korongo wanaopanda na hewa ya joto mchana. Afanyaye kazi juu awe na macho ya pande zote.

MIKANDA YETU TUIKAGUE HIVI

Mkanda wa kiunoni peke yake haufai kumzuia mtu anayeanguka, kwa sababu humkata katikati au humponyoka. Unaotakiwa ni mkanda wa mwili mzima, unaopita mabegani na mapajani, na kamba yake ifungwe juu ya kichwa mahali imara, ili mtu asianguke mbali kabla ya kushikwa.

Upitishe mkanda wote kati ya vidole vyako. Tafuta nyuzi zilizokatika, mahali pagumu kama palipoungua, na mishono iliyofumuka. Rangi ikipauka, ujue jua limekula nguvu ya nailoni. Maji ya betri huiharibu nailoni, na saruji mbichi huweza kukidhuru kitambaa cha poliesta. Kwa hiyo mkanda usitupwe chini kwenye karo la zege, wala usihifadhiwe pamoja na betri. Fundo katika kamba hupunguza nguvu yake sana, pengine hadi karibu nusu. Mkanda uliokwisha kumzuia mtu aliyeanguka usitumike tena, hata ukionekana mzima. Ukate vipande, ili asije maskini mwingine akauokota.

Na mtu akining'inia kwenye mkanda, asiachwe hapo kungojea gari kutoka mjini. Damu hubaki miguuni, na kwa dakika chache tu anaweza kuzimia na kufa. Mpango wa kumshusha uwepo kabla hajapanda.

NANI ALIPE?

Hapa ndipo chama kinapoingia. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mkataba huo huo unasema mfanyakazi aliyejiondoa mahali penye hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu ya haki, asiadhibiwe. Mwaka 2022 usalama na afya kazini viliwekwa miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi duniani. Na hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri jukumu la kutoa vifaa vya kinga.

Kwa hiyo fundi anayeambiwa “nunua mkanda wako mwenyewe au uende nyumbani” haombi sadaka anapokataa. Anadai lililo lake. Lakini mtu mmoja akidai peke yake hufukuzwa asubuhi na nafasi yake hujazwa adhuhuri, maana vijana wasio na kazi ni wengi. Tukidai pamoja, mwajiri hana pa kukimbilia.

Wakati tunadai, lipo jambo moja tunaloweza kulianza wiki hii bila kumngoja mtu. Kila kikundi cha kazi kiwe na daftari la mikanda. Kila mkanda upewe namba. Kila asubuhi mtu mmoja akague, aandike namba, tarehe na hali ya mkanda, kisha atie sahihi kama afanyavyo fundi wa miavuli. Mkanda mbovu uandikwe ni mbovu, na daftari aonyeshwe msimamizi. Ajali ikitokea, au mwajiri akikana kuwa aliarifiwa, daftari lile litasema. Gharama yake ni daftari la shule na kalamu moja.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wajenzi wa kuta tunajua kwamba ukuta hujengwa tena, lakini mwenzetu aliyeanguka kwa ajili ya mkanda wa kuoza hajengwi tena. Kesho asubuhi, kabla hujapanda, mgeukie mwenzako umtazame mgongoni. Naye akutazame wako.

Umoja ni nguvu.