Jina la Mlima katika Kumbukumbu za Makumbusho

Juu ya Turiani imesimama milima ya Nguru, na katika misitu yake huishi kinyonga mwenye pembe mbili ambaye wataalamu humwita Kinyongia fischeri. Sehemu ya kwanza ya jina hilo imetokana na neno letu wenyewe, kinyonga; ya pili ni kumbukumbu ya Gustav Fischer, daktari na msafiri Mjerumani. Anton Reichenow alimpa kinyonga huyu jina la fischeri mwaka 1887. Hata hivyo, kwa miaka mingi vinyonga wa Usambara nao waliitwa kwa jina hilohilo. Mwaka 2008 Jean Mariaux, Nicolas Lutzmann na Jan Stipala walionyesha kwamba fischeri hasa ni wa Nguru na Nguu, na kwamba wale wa Usambara ni wa aina nyingine. Tunakusudia kueleza hapa jinsi makumbusho yanavyoshirikishana kumbukumbu kwa njia ya intaneti, na kwa nini jina la mahali ni jambo zito katika kazi hiyo.

Kwanza tuulize: ni kitu gani kinachopelekwa? Si kinyonga aliyehifadhiwa chupani, wala si ua lililokaushwa. Kinachopelekwa ni maelezo yake: namba, jina, tarehe, mahali kilipopatikana na aliyekikusanya. Maelezo hayo ndiyo yaitwayo metadata. Wachungaji wataelewa kwa mfano wa kitabu cha ubatizo. Kitabu chenyewe hubaki usharikani, lakini taarifa iliyotolewa humo hupelekwa dayosisi, ikaunganishwa na za sharika nyingine. Vivyo hivyo, kila makumbusho hubaki na mali yake na daftari lake, na nakala ya maelezo huenda kwenye kituo cha taifa. Kwa Tanzania, kwa upande wa viumbe, kituo hicho ni TanBIF, kilicho chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Dar es Salaam. Nacho huungana na mtandao wa kimataifa wa GBIF, ulioanzishwa mwaka 2001, wenye makao yake Copenhagen.

Ili taarifa hizo ziunganike, lazima safu zake ziwe na vichwa vya namna moja. Mmoja akiandika "mkusanyaji" na mwingine "aliyeleta", kompyuta haitambui kwamba wanasema jambo moja. Kwa sababu hiyo upo utaratibu uitwao Darwin Core, uliopitishwa mwaka 2009.

Faida yake ni dhahiri. Franz Stuhlmann alikusanya mimea Uluguru mwaka 1894, na vielelezo vikapelekwa Berlin. Mwezi Machi 1943 hifadhi ya mimea ya Berlin iliteketea kwa mabomu. Mtafiti wa leo hana budi kutafuta nakala zilizobaki katika nchi nyingine, na orodha za pamoja humwonyesha zilipo. Zaidi ya hayo, mwanafunzi aliyeko Morogoro aweza kusoma habari za mlima anaouona dirishani bila kusafiri kwenda Ulaya.

Lakini utaratibu huu hausahihishi kosa, huliharakisha tu. Lebo za zamani huandika Nguru, Nguu au Uluguru kwa tahajia za wageni, na hata leo wataalamu wengine huiita Nguu "Nguru Kaskazini". Lebo nyingine husema "Wilaya ya Morogoro", ingawa Turiani sasa imo wilayani Mvomero. Mtu aliye mbali akichanganya Nguru na Uluguru, kinyonga huhamishiwa mlima usio wake. Uluguru wana kinyonga wao, Kinyongia uluguruensis, na kiumbe wa mlima mmoja akidhaniwa yuko katika milima mitatu, hakuna atakayeona haraka ya kumlinda.

Kwa hiyo yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, kosa lisahihishwe kwenye chanzo, yaani katika daftari la makumbusho yenyewe. Likisahihishwa kwenye orodha kuu peke yake, nakala mpya italirudisha. Tena maneno ya lebo ya zamani yasifutwe, bali sahihisho liandikwe kando yake. Pili, si kila kitu kitangazwe. Vinyonga huuzwa nchi za nje, na kutaja mahali hasa walipo ni kumwonyesha mwizi mlango. Ndiyo maana makumbusho huruhusiwa kutaja eneo kwa upana tu.

Sisi tunaoishi chini ya milima hii twajua mito, vijiji na majina yake ya zamani. Yeyote atakayeona katika orodha jina lililokosewa, na anukuu namba ya kielelezo, kisha aiandikie makumbusho inayokitunza. Barua fupi ya namna hiyo yaweza kumrudisha kiumbe kwenye mlima wake.