Almasi ya mtoni na almasi ya mvuke: uzito wa dunia unasaidia huku, unasumbua kule

Katika mito ya jimbo la Tshopo, mchimbaji mdogo wa almasi anategemea chekeche, maji na mikono yake. Anazungusha na kutikisa. Almasi, ambayo kwa ujazo uleule inaushinda mchanga wa kawaida kwa uzito wa karibu theluthi moja, inazama na kukusanyika chini katikati. Akipindua chekeche, anajua pa kutazama kwanza. Nguvu ya uvutano wa dunia inamfanyia kazi.

Lakini mawe yanayouzwa Kisangani yana mshindani asiyetoka mtoni: almasi ya kiwandani, inayokuzwa kutoka kwenye mvuke. Gesi za metani na haidrojeni zinapashwa moto mkali ndani ya chumba kilichofungwa. Kaboni inaachana na gesi, inatua kidogo kidogo juu ya kipande chembamba cha almasi, na jiwe linakua.

Hapo uvutano unageuka kuwa msumbufu. Kama juu ya jiko la makala, hewa ya moto inapanda, ya baridi inashuka, na mzunguko hautulii. Kaboni haifiki sawasawa pande zote, na jiwe linaweza kubaki na kasoro. Mtikisiko pia unavuruga: abiria wa toleka anajua anavyovutwa nyuma dereva akiondoka kwa kasi. Gesi nayo husukumwa vivyo hivyo.

Ndiyo maana kituo cha anga cha Marekani, Skylab, kilibeba majaribio ya kukuza fuwele kutoka kwenye mvuke mwaka 1973 na 1974. Kule ambako vitu vinaelea, fuwele zilitoka bora kuliko za duniani. Viwanda vya almasi havihitaji kwenda angani: vinatumia gesi yenye presha ndogo, na gesi nyepesi hivyo haivurugwi sana na uvutano.

Matokeo yako sokoni. Mwaka 2018 kampuni ya De Beers ilianza kuuza almasi za kiwandani kwa dola 800 kwa karati, chini sana ya bei ya zile za asili. Nazo ni almasi kweli. Zikishakatwa, lupe peke yake haitoshi kuzitambua. Inahitajika mashine maalum.

Kabla ya kukatwa, tofauti inaonekana. Ya mvuke hutoka bapa kama kibao. Ya mtoni mara nyingi ina kingo zilizolainika. Kwa mchimbaji na mnunuzi wa Kisangani, kujua hilo kunazuia kudanganywa. Kushuka kwa bei ni shida ambayo chekeche haiwezi kuitatua.