Mpagazi wa Sentimita Nane na Nusu

Sanamu ya Askari ya Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, imesimama pale tangu 1927. Ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson: mwanajeshi mmoja wa shaba nyeusi, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Maandishi ya chini yake, kwa Kiingereza na Kiswahili, yanawataja pia wapagazi. Juu pale, mpagazi mwenyewe hayupo. Kwenye sanamu ya Nairobi walimpa nafasi akasimama na wenzake wawili. Dar es Salaam yumo kwenye maneno, na kwenye jina la Kariakoo, ambalo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kama lilivyotamkwa na watu wetu.

Kwa hiyo nilipoamua kutengeneza sanamu ndogo ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia waya mtupu, sikumtengeneza askari.

Nilichagua kipimo cha moja kwa ishirini. Mtu wa mita 1.7 anakuwa na sentimita 8.5, mguu wake milimita 12 hivi, na kifungo cha shati hakizidi milimita moja. Kwa udogo huo hakuna pa kujificha. Mwandishi anaweza kuandika "alibeba mzigo" akaendelea na habari nyingine. Mfinyanzi lazima ajue mzigo ulikaa wapi, umefungwa kwa nini, na mkono upi uliushika.

Nasema mfinyanzi kwa makusudi. Mchongaji wa mpingo huanza na gogo na kuondoa kisichotakiwa. Hapa unaanza na mifupa ya waya wa shaba, uliokunjwa kwa koleo na kuchomekwa kwenye kizibo ili upate pa kushika, kisha unaongeza nyama kidogo kidogo. Nyama yenyewe ni puti ya epoksi, vipande viwili vya rangi tofauti vinavyokandwa pamoja hadi viwe rangi moja. Ukishaikanda una saa moja na ushee ya kuichezea. Ukiiacha hadi kesho imekuwa jiwe. Vifaa vyangu ni sindano, kijiti cha mianzi na kisu chembamba, vyote vikipakwa mafuta ya mgando kidogo visinate.

Mwili hufinyangwa uchi kwanza, hata kama nguo zitaufunika, kwa sababu nguo isiyo na mwili ndani yake hujulikana mara moja. Kila tabaka husubiriwa likauke ndipo lifuate jingine. Kifua jioni moja, mapaja jioni nyingine.

Wa kwanza nilimharibu. Nilimfinyanga vizuri, misuli yote mahali pake, halafu nikamtwika gunia. Lilikaa kichwani kama kofia. Mzigo wa ratili 60, karibu kilo 27, hauwi kofia. Shingo hunyooka na kukaza, mabega hushuka, kidevu hakitikisiki, magoti hulegea kidogo kila hatua. Ukidondosha uzi kutoka katikati ya mzigo unapaswa kuangukia kwenye mguu unaokanyaga. Uzi wangu uliangukia nje kabisa, mbele ya vidole. Nilimvunja nikarudi kwenye waya, na safari hii nilianza na mzigo na ngata yake, nikashuka kuelekea miguuni.

Miguuni ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, wiki mbili kwa vidole kumi. Mtu anayetembea peku tangu utotoni vidole vyake hutanuka na kushika ardhi, na kisigino chake hupasuka. Miguu hii ndiyo iliyobeba vita. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, barabara zilikuwa chache, basi unga, risasi na majeruhi vilipita vichwani na mabegani mwa watu, kutoka Agosti 1914 hadi Wajerumani waliposalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa hukadiriwa kuwa karibu 95,000, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa, si risasi. Nilipokuwa nachora nyufa za kisigino kwa ncha ya sindano, idadi hiyo ilikuwa kichwani mwangu, na sikuona haya kurudia kisigino kimoja mara nne.

Blanketi lilikuwa rahisi zaidi. Unasukuma puti kwa chupa juu ya plastiki iliyonyunyizwa poda hadi iwe nyembamba kama karatasi, unaiacha ishike nusu, kisha unaivisha begani. Mikunjo haipangwi kwa kupendeza macho. Huanzia pale nguo inapovutwa, na kwa mtu aliyeinua mkono kushika mzigo, yote huanzia begani na kushuka kwa mshazari hadi kiunoni upande wa pili.

Rangi ilikuwa kahawia na kijivu, iliyofifishwa na jua na vumbi. Macho niliyafanya mwisho, kwa unywele mmoja wa brashi: hayatazami mbele wala mbali, yanatazama chini, hatua mbili kutoka alipo, mahali mguu utakapotua.

Amekamilika sasa, yuko juu ya kipande cha mbao chenye udongo mwekundu. Lakini wapagazi walipita kwenye njia nyembamba kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, na huyu peke yake anaonekana kama mtu aliyepotea. Jana usiku nilikata waya wa wa pili.