Uraibu wa kamera usiifilisi nyumba yako

Wapo watu ambao mshahara wao huishia kwenye chupa, na wapo ambao wao huupeleka kwenye kamari. Lakini kuna uraibu mwingine usioleta harufu mdomoni wala fujo mtaani, na bado waweza kula akiba ya karo bila mtu kushtuka. Huo ni uraibu wa kamera.

Ukitaka kuuona kwa macho, msomaji, tembea Jumapili alasiri katika bustani ya hoteli ya Blue Posts mjini Thika, pale mito ya Chania na Thika inapokaribiana na kila mmoja kuporomosha maji yake. Wengi hupiga picha kwa simu. Hata hivyo, hutakosa kijana mwenye kamera kubwa shingoni, begi zito mgongoni na stendi ya miguu mitatu mkononi. Hakuitwa na bwana harusi wala hakuna anayemlipa. Siku za kazi yeye ni karani, mwalimu au muuguzi, na picha ndiyo starehe yake.

Makala haya ni yake. Ni ya mke au mume wake pia, ambaye kila mwisho wa mwezi humwona akifungua kifurushi na kumuuliza: "Na hicho kingine tena ni cha nini?"

Gharama ilihama

Wazee watakumbuka enzi za filamu. Filamu ya kawaida ilikuwa na picha 36. Kila ulipobonyeza, ulikuwa umetumia pesa, na ulilipa tena kuisafisha na kuchapisha picha. Mtu alijifunza kungoja, kupima mwanga na kuwapanga watu vizuri kabla ya kidole kugusa kitufe.

Kamera za dijitali ziliondoa gharama hiyo. Ya kwanza ilitengenezwa mwaka wa 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak kule Marekani. Filamu zilipokosa soko, Kodak hiyohiyo ilijikuta ikiomba mahakama iikinge dhidi ya wadai wake mnamo Januari 2012. Leo waweza kupiga picha 500 kwa siku bila kulipa hata shilingi. Lakini usidanganyike. Gharama haikufa, ilihama tu. Ilitoka kwenye filamu ikaingia kwenye vifaa, na vifaa havina mwisho.

Tuchukue mfano wa karani wa Ruiru aliyejinunulia kamera iliyotumika pamoja na lenzi yake ndogo ya milimita 18 hadi 55. Miezi mitatu ya kwanza ni fungate. Kisha anaanza kuona kasoro. Picha za ruracio alizopiga ndani ya hema jioni zimefifia, na watu wanaonekana kama waliokuwa wakitetemeka. Anaamua kwamba kamera yake ni duni na anaanza kuulizia iliyo kubwa zaidi.

Hapo ndipo pesa hupotea bure. Mara nyingi kasoro haiko kwenye kamera, iko kwenye lenzi. Kila lenzi ina tundu la kuingizia mwanga, na ukubwa wa tundu hilo huandikwa kwa tarakimu: kadiri tarakimu inavyokuwa ndogo, ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi ya karani wetu ikivutwa hadi milimita 55, tundu lake haliwezi kupita kiwango cha 5.6. Lenzi ya milimita 50 isiyovutika, yenye kiwango cha 1.8, huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Isitoshe, ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa kutoka Canon na Nikon, na ni nyepesi kubeba.

Kwa hivyo mwenye kamera ya kwanza asikimbilie ya pili. Akiwa na akiba ya kitu kimoja tu, na kiwe lenzi hiyo. Ile ndefu ya milimita 70 hadi 300, ya kuvuta nyati wa mbali kule Ol Donyo Sabuk, na ingoje. Hata ukiwa nayo, mkono mtupu hauitulizi kwa urahisi. Kanuni ya zamani husema ukitumia milimita 300, kasi ya shata isipungue moja ya mia tatu ya sekunde, na kasi hiyo hudai mwanga mwingi.

Ukinunua kuukuu, chunguza

Wengi wetu hatuna uwezo wa kununua kifaa kipya dukani. Si aibu. Mohamed Amin, Mkenya ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984 ziliutikisa ulimwengu, alianza utotoni na kamera kuukuu aina ya Box Brownie, kamera rahisi kuliko zote. Lakini cha mtumba hukaguliwa kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Kwanza, hakikisha lenzi inaingia kwenye kamera yako. Nikon walianza kutumia mdomo wao wa aina ya F mwaka wa 1959, na lenzi zao nyingi za zamani bado huingia kwenye kamera zao zenye kioo cha ndani. Hata hivyo, kamera zao za wanaoanza, kama zile za jamii ya D3000 na D5000, hazina mota ya kuzungusha lenzi za zamani, na itakubidi uzungushe kwa mkono kila unapolenga. Canon nao walibadilisha mdomo wao mwaka wa 1987. Lenzi uliyorithi kwa mjomba aliyepiga picha kabla ya hapo haitaingia moja kwa moja kwenye kamera ya Canon EOS.

Pili, imulike lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Irudishe kwa mwenyewe. Tatu, weka tundu kwenye kiwango cha 16 kisha upige picha ya ukuta mweupe. Madoa meusi yanayorudi mahali palepale ni vumbi lililokaa ndani ya kamera, na waweza kuyatumia kuomba bei ishuke. Nne, uliza shata imebonyezwa mara ngapi. Shata ina umri wake, kama vile injini ya matatu inavyohesabiwa kilomita. Mwisho, dai risiti na ulinganishe namba iliyochapwa kwenye kifaa. Kamera ya wizi huweza kukupeleka korokoroni.

Vidogo vyenye kazi kubwa

Baada ya lenzi, stendi ya miguu mitatu. Pale Chania, ukiisimamisha kamera imara na kuiacha shata wazi kwa nusu sekunde, maji hugeuka laini kama kitambaa cha hariri huku miamba ikibaki imetulia. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kufanya hivyo. Nunua stendi yenye uzito kidogo. Ile nyepesi kama fimbo za mwavuli itaanguka na kamera yako kwa upepo wa kwanza.

Kitambaa laini cha kupangusia lenzi hakikosi begini, kwani manyunyu ya maporomoko hutua kwenye kioo upende usipende. Vumbi nalo ni adui. Ukiwa kwenye barabara za murram kati ya mashamba ya kahawa ya Ruiru, usibadilishe lenzi penye upepo. Ingia garini au ugeukie ukuta, na uelekeze mdomo wa kamera chini.

Miezi ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo ya kuvu. Usihifadhi lenzi ndani ya mfuko wa ngozi kabatini. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu, yatosha kabisa.

Jihadhari pia na kadi bandia za kuhifadhia picha. Huandikwa gigabaiti 128 ilhali ndani ni chache mno, na picha za mwisho hupotea. Siku unayoinunua, ijaze yote kwa video, uhamishe kwenye kompyuta, kisha utazame hadi mwisho. Ni afadhali ugundue siku hiyo kuliko siku ya ubatizo wa mwanao.

Jua halina bei

Kifaa kimoja hakiuzwi dukani. Sisi tunaishi karibu na ikweta, na jua la Thika huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima. Saa moja baada ya kuchomoza na saa moja kabla ya kuzama, mwanga huwa laini na wa dhahabu. Saa sita mchana jua huwa utosini na macho ya watu hugeuka mashimo meusi. Ukilazimika kupiga saa hiyo, watoe watu juani uwaweke kwenye kivuli cha baraza.

Jua pia kwamba kamera haikuumbwa ikiufikiria uso wako. Kwa miaka mingi, maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi zenye sura ya mwanamke Mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Nyuso nyeusi zilitoka kama makaa. Hata leo, kamera ikiona gauni jeupe au ukuta mweupe hupunguza mwanga, na uso wa bibi harusi wetu hutoka giza. Dawa ni kuuongeza mwanga hatua moja kwa kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Hilo ni bure.

Si kila kitu hupigwa

Uraibu wako usikuletee kesi. Thika na eneo la Kahawa, karibu na Ruiru, kuna kambi za jeshi, na kambi si mandhari. Watoto wa wenyewe nao waombee ruhusa kwa wazazi. Mwaka wa 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Uthiru Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao.

Picha ya mama

Sasa turudi kwa yule anayeuliza nyumbani, "Na hicho kingine tena ni cha nini?" Swali lake ni la haki. Karani akimwonyesha picha 4,000 za maua na maporomoko zilizolala kwenye kompyuta, jibu halijatosha.

Tazama linalotokea katika familia nyingi mzee anapofariki. Watu huanza kufungua masanduku wakitafuta picha ya kuweka kwenye tangazo na juu ya jeneza. Mwishowe hupatikana ile ya kitambulisho, iliyokuzwa hadi uso ukawa madoadoa, au hukatwa kichwa chake kutoka picha ya harusi ya mtu mwingine. Na katika boma hilohilo huwa kuna kijana mwenye kamera ya maelfu ya shilingi!

Kwa hivyo, mpenda picha, Jumapili hii mkalishe mama au nyanya barazani saa kumi na moja jioni. Tumia lenzi yako ya milimita 50. Mwache azungumze, ashike kikapu chake, acheke. Kisha omba zile picha za zamani zinazoliwa na mende sandukuni, uziweke karibu na dirisha na uzipige moja moja. Muulize majina ya waliomo, kwa maana akiondoka hakuna mwingine atakayekuambia.

Weka nakala mahali pawili, kwa sababu diski hufa na simu huibwa. Halafu nenda studio uchapishe hata kumi tu, uandike nyuma jina, mahali na mwaka, uzitie kwenye albamu na uiweke sebuleni. Siku utakapohitaji stendi mpya, mjadala na mama watoto au baba watoto utakuwa mfupi zaidi.