Kutoa buati otomatiki, kuweka ya manyueli: angalia kwanza vilebrekini

Ndugu, wengi wetu tunanunua gari iliyotumika yenye buati otomatiki, kisha barabara za huku zinatufanya tutake ya manyueli. Fundi anasema: "Ni bolti tu." Hapana.

Mwisho wa vilebrekini, upande wa buati, kuna tundu. Kwenye gari nyingi za kusukumwa na matairi ya nyuma, buati ikiwa ya manyueli, tundu hilo linabeba rulema ndogo inayoshika ncha ya shafti ya buati. Motere ikitoka kiwandani na otomatiki, mara nyingine tundu halikumaliziwa: ni fupi, ao kipimo si cha rulema. Ncha inagonga ndani, buati haifiki kwa motere.

Hapo mafundi wengine wanakata ncha. Buati inaingia, gari inatembea, furaha! Lakini shafti haishikwi tena mbele. Inacheza, ambrayaji inasumbua, rulema za buati zinakufa.

Dawa ni kutoa vilebrekini, kuipeleka kwa turneri, atoboe katikati kabisa. Na bolti za sahani nyembamba ya otomatiki usizirudishe kwa vola. Mara nyingi ni fupi.

Uliza bei ya turneri mbele ya kununua buati. Mimi, agronome, nilifanya kinyume: buati yangu ililala miezi minne chini ya mwembe.