Umewekewa mrija kwenye mshipa mkuu wa tumbo? Fahamu yanayoongeza hatari

Aota ni mshipa mkubwa kuliko yote, unaotoa damu moyoni na kuipeleka mwilini. Kwa baadhi ya watu, hasa wanaume waliozidi miaka 65 na wavutaji wa sigara, sehemu yake iliyo tumboni hudhoofika na kutanuka kama puto. Kwa kawaida upana wake ni kama sentimita 2. Ukifika 5.5 kwa mwanamume, au 5 kwa mwanamke, madaktari wengi hushauri urekebishwe kabla haujapasuka.

Njia mojawapo ni kuingiza mrija wa kitambaa wenye fremu ya chuma kupitia mishipa ya kinena, bila kupasua tumbo. Mgonjwa hupona haraka zaidi, lakini matibabu hayaishii hapo. Damu inaweza kuvuja pembeni mwa mrija na kuendelea kujaza uvimbe, tena bila maumivu yoyote. Mrija pia unaweza kusogea au kuziba.

Nani yuko katika hatari zaidi?

- Mwenye ugonjwa wa figo, kwa sababu dawa inayochomwa ili mishipa ionekane kwenye picha inaweza kuziumiza zaidi.
- Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu.
- Anayeendelea kuvuta sigara.
- Ambaye sehemu ya mshipa inayoushika mrija ni fupi, pana sana au imepinda.
- Mwenye mishipa myembamba ya nyonga, jambo linalowapata zaidi wanawake.
- Anayekosa vipimo vya ufuatiliaji.

Ukihama, hama na karatasi zako

Kipimo cha kwanza hufanywa takriban mwezi mmoja baada ya upasuaji, kisha kwa kawaida kila mwaka, maisha yote. Ukihamishiwa makazi mengine, daktari mpya hataujua mrija huo usipomwambia. Tunza barua ya hospitali na kadi ya mrija pamoja na vitambulisho vyako, na upige picha kwa simu. Ikiwa unasubiri kuhamishiwa nchi ya tatu, mweleze daktari wakati wa uchunguzi wa afya kabla ya safari.

Nenda kituo cha afya mara moja ukiona:

- maumivu makali ya ghafla tumboni au mgongoni;
- kizunguzungu au kuzimia;
- mguu kuwa baridi, kufa ganzi au kubadilika rangi;
- homa, au kidonda cha kinena kuvimba au kutoa usaha.

Usisubiri hadi asubuhi.