KUWALISHA NG'OMBE KABICHI

Bei ya kabichi ishukapo sokoni, wakulima wa Kinangop na Limuru wafugao ng'ombe wa maziwa huona ni heri kuwapa wanyama wao kabichi kuliko kuziacha zioze shambani. Jambo hilo si baya. Ng'ombe huzipenda, na majani yake, yakiondolewa maji yote, karibu sehemu moja katika tano ya uzito wake ni protini, ambayo hujenga mwili na kuleta maziwa.

Lakini sehemu 9 katika 10 za kabichi ni maji. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kila siku. Atakayetaka kumshibisha kwa kabichi peke yake itambidi amletee kilo 120. Nani awezaye kazi hiyo? Na hata akiiweza, mnyama atakosa nyuzi za kumwezesha kucheua, naye atafura tumbo na kuhara.

Hatari iliyo kubwa zaidi haionekani kwa macho. Ndani ya kabichi, kama ndani ya sukuma wiki, mna kitu chenye asili ya kiberiti, ambacho vijidudu vya tumbo kubwa la ng'ombe hukigeuza kuwa sumu iharibuyo chembe nyekundu za damu. (Sisi wanadamu hatudhuriki hivyo, kwa kuwa hatucheui.) Ng'ombe aliyelishwa kabichi nyingi kwa juma moja hadi matatu hudhoofika, ufizi wake hupauka, maziwa hupungua, na mkojo huwa mwekundu.

Mwenye ng'ombe auonapo mkojo huo hudhani mara moja kuwa ni homa ya kupe, akatafuta sindano. Sindano ya kupe haiondoi sumu ya kabichi. Homa ya kupe huja na joto kali la mwili; ugonjwa huu mara nyingi hauna joto. Basi mwiteni daktari wa mifugo upesi, mkamweleze mnyama amekula nini, na kabichi zikomeshwe siku ile ile.

Kwa ng'ombe mzima, anzeni na kilo chache, mkiongeza polepole kwa majuma mawili, wala msipite kilo 30 kwa siku. Kwanza ale nyasi kavu. Kabichi apewe baada ya kukamuliwa, maziwa yasije yakanuka. Mpeni pia chumvi yenye iodini, maana kabichi huweza kuleta rovu, hata kwa ndama aliye tumboni. Kabichi zilizokwisha kutoa maua zina sumu nyingi zaidi. Hizo tupeni katika shimo la mbolea.